Bahasha ya Matanga si Fidia

Msikilizaji, kuna mgeni fulani ambaye hufika matangani siku ya tatu au ya nne, watu wakiwa bado wamekaa mikekani. Huvua viatu mlangoni kama wengine, hutoa pole, hunywa chai aliyoandaliwa. Kisha huomba kuzungumza pembeni na mzee wa nyumba. Ametumwa na mwenye gari. Ana bahasha, ndani mna elfu hamsini, pengine laki moja, na pamoja na bahasha ana karatasi ya kutiwa sahihi. Anasema hizi ni rambirambi tu, na karatasi ni ya kumwonyesha tajiri kwamba fedha zimefika.

Na nyumba ina deni la mochari. Sufuria za kuwapikia wageni zimekodishwa. Mzee anatia sahihi.

Sina ugomvi na rambirambi. Mwenye gari akimsaidia mjane kuzika, amefanya uungwana. Ugomvi wangu ni na ile karatasi, kwa sababu mara nyingi imeandikwa kwamba familia imepokea malipo yote na haitadai tena chochote, leo wala kesho. Mzee hakusoma. Angesoma, angekuta lugha asiyoijua vizuri, na macho yake siku ile hayakuwa ya kusomea.

Jambo hili halifanyiki kwetu peke yetu. Mwezi Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini karibu na Jakarta, Indonesia, na watu 189 wakafa. Baadhi ya jamaa zao waliwekewa mbele karatasi za kusalimisha haki ya kushtaki, ili wapate fidia ya takriban dola 91,000. Ni fidia ambayo sheria ya nchi yao ilikuwa tayari imewapa bila masharti yoyote. Miezi mitano baadaye, tarehe 10 Machi 2019, ndege ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX, ilianguka Ethiopia ikiwa safarini kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu 157 walikufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Familia nyingi ziliipeleka kampuni ya Boeing mahakamani Chicago, na mwezi Novemba 2021 kampuni ilikubali mbele ya mahakama kwamba inawajibika kwa vifo vile. Kampuni kubwa ya kutengeneza ndege ilikubali wajibu kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kunyamaza.

Leo lakini sitaki kukaa angani. Nataka tuteremke barabarani, kwa sababu huko ndiko sisi tunakofia. Kwa miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lililobeba kontena lilitoka njiani likawavamia wachuuzi waliokuwa wakiuza mboga na matunda kando ya barabara, pamoja na abiria waliokuwa magarini. Watu zaidi ya 50 walikufa jioni ile moja. Fikiria ni meza ngapi za chakula zilizokosa mtu usiku huo.

Tunapokaa kwenye msiba wa namna hii, tuna maneno yetu ya kufarijiana. Tunasema ajali haina kinga. Tunasema siku yake ilikuwa imefika. Nami kwa imani yangu nayakubali maneno hayo, kwa kuwa bila hayo mja hawezi kuinuka tena. Lakini mauti ni ya Mungu, breki mbovu si za Mungu. Dereva aliyeendesha usiku kucha bila usingizi kwa sababu analipwa kwa idadi ya safari, tairi lililokwisha meno, matatu ya watu 14 iliyopakia 20, hayo ni maamuzi ya binadamu, na binadamu huyo ana jina na anwani. Kumdai haki si kumkufuru Mola.

Basi sheria inasemaje? Kenya ina sheria mbili zinazotembea pamoja. Ya kwanza ni Sheria ya Ajali za Mauti, Sura ya 32, ambayo asili yake ni sheria ya Kiingereza ya mwaka 1846. Hiyo inawaangalia walio hai: wale waliokuwa wakila kwa jasho la marehemu. Ya pili ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Hiyo inamwangalia marehemu mwenyewe: madai ambayo angeyafungua kama angeishi hayafi naye, yanakuwa sehemu ya mali aliyoiacha.

Walio hai ambao sheria inawataja ni mke, mume, wazazi na watoto. Mtoto ni pamoja na mjukuu na mtoto wa kambo. Mzazi ni pamoja na babu na nyanya. Tena mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki sawa na aliyezaliwa ndani, na wa kupanga vilevile. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona koo zikiketi baada ya maziko na kuamua kwamba mtoto fulani si wetu, na jina lake likaachwa nje ya barua ya chifu. Kikao cha ukoo hakina uwezo wa kufuta haki aliyopewa mtoto na sheria. Ndugu na dada wa marehemu, kwa upande mwingine, hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyekuwa akimlipia mdogo wake karo ya chuo. Nionavyo mimi hilo ni pengo, na Bunge lingefaa kuliangalia, kwa sababu Mkenya anayelea ndugu zake si mtu wa nadra.

Kesi ya wategemezi ni moja tu. Sheria hairuhusu kesi mbili kwa kifo kimoja. Kwa hiyo mke wa kwanza akienda mahakamani kimyakimya, na mke wa pili hakutajwa, mlango wa yule wa pili huwa umefungwa bila yeye kujua. Ndiyo maana anayefungua kesi anatakiwa kuorodhesha wategemezi wote. Nyumba zenye wake zaidi ya mmoja, iwe kwa Kiislamu au kwa mila, zikae kitako mapema, zikubaliane majina, hata kama hazisalimiani.

Swali ambalo watu huniuliza zaidi ni hili: mahakama inampimaje mtu kwa shilingi? Jibu ni kwamba haimpimi mtu. Inapima kile kilichoondoka nyumbani pamoja naye. Hakimu huangalia marehemu alikuwa akipata kiasi gani kwa mwezi, angeendelea kufanya kazi kwa miaka mingapi, na sehemu gani ya kipato chake ilikuwa ikienda kwa familia. Kwa mtu mwenye mke na watoto, sehemu hiyo mara nyingi huchukuliwa kuwa theluthi mbili. Tuseme fundi alikuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi, na hakimu akaona angefanya kazi miaka 15 zaidi. Elfu 30 mara miezi 12, mara miaka 15, kisha theluthi mbili yake: ni shilingi milioni 3 na laki 6. Linganisha na ile bahasha ya mkekani.

Juu ya hapo kuna gharama za mazishi. Kuna kiasi cha kupunguziwa umri wa kuishi, ambacho kwa desturi ya mahakama zetu huwa karibu shilingi 100,000. Kuna pia kiasi cha maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho, ambacho huwa kidogo kwa aliyekufa papo hapo na hupanda kwa aliyelala hospitalini akiteseka. Na kama marehemu alikuwa na bima yake ya maisha, fedha hizo hazikatwi kwenye hesabu ya wategemezi. Alizilipia mwenyewe.

Sasa wapo watakaosema: huyo ni fundi mwenye kazi ya mshahara, lakini mama yetu alikuwa akiuza sukuma wiki kando ya barabara, hakuwa na karatasi hata moja. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu familia nyingi maskini zimejifungia mlango kwa dhana hii. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya seremala aliyekufa ajalini. Wapinzani walidai kwamba hakuna cheti cha useremala wala hati ya mshahara, kwa hiyo hakuna ushahidi. Majaji walilikataa wazo hilo. Walisema nyaraka si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu, na kwamba kushikilia nyaraka tu kungewadhulumu Wakenya wengi ambao hawaweki kumbukumbu za maandishi na bado wanajipatia riziki. Huo ni uamuzi ambao ningependa ubandikwe kwenye kila soko nchini. Mteja wa mama mboga ni shahidi. Mwenzake wa meza ya jirani ni shahidi. Daftari la chama, risiti za karo, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha fedha zikiingia na kutoka, vyote ni ushahidi. Na kipato chenyewe kisipojulikana kabisa, mahakama hutumia kima cha chini cha mshahara cha wakati ule na mahali pale, au hutoa kiasi kimoja cha jumla.

Mtoto mdogo naye je, ambaye hakuwa akileta chochote? Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba katika jamii zetu kuwapo kwa mtoto nyumbani ni thamani yenyewe, na mzazi ana haki ya kulipwa. Kiasi chake huwa si kikubwa, lakini mzazi asiambiwe kwamba mtoto wake hakuwa na thamani mbele ya sheria.

Wasikilizaji wa Pwani huniuliza jambo jingine, nalo ni la haki kabisa: fedha hizi zigawanywe kwa mirathi ya Kiislamu? Zinatofautiana. Fedha za wategemezi chini ya Sura ya 32 si mali aliyoacha marehemu. Ni malipo ya hasara ya kila mmoja, na hakimu ndiye anayegawa kwa kuangalia nani alimtegemea kwa kiasi gani. Mtoto wa miaka mitatu aweza kupewa zaidi ya yule wa miaka kumi na saba, na binti na mvulana hawatofautishwi. Zile za Sura ya 26 ndizo zinazoingia katika mali ya marehemu na kufuata mirathi, na Waislamu wanaweza kuzipeleka kwa Kadhi. Sehemu ya watoto wadogo mahakama yaweza kuamuru iwekwe benki mpaka wafikishe miaka 18. Ami au mjomba akija na hoja kwamba yeye ndiye atakayewatunzia, mwambieni asante, benki inatosha.

Nije kwenye mambo yanayoziangusha kesi, maana nyingi haziangushwi na ukweli, zinaangushwa na karatasi na kalenda.

Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu tangu siku ya kifo. Ukichelewa hata wiki moja, unaweza kuwa umepoteza haki yote. Lakini kama gari lilikuwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Nasema miezi 12, nawe ujue arobaini na taratibu za mila peke yake zinaweza kuila robo ya muda huo. Hii ni sheria isiyo ya haki kwa maoni yangu, kwa kuwa Serikali yenye mawakili wake wa mishahara ndiyo iliyojipa kinga kubwa kuliko mwenye matatu moja. Mpaka ibadilishwe, tuishi tukiijua.

Kisha kuna hati ya usimamizi wa mirathi. Huwezi kufungua kesi kwa niaba ya mali ya marehemu kwa sababu tu wewe ni mjane wake. Lazima mahakama ikupe hati kwanza, na mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilishikilia kwamba kesi iliyofunguliwa na msimamizi kabla ya kupata hati haina miguu ya kusimamia. Ipo hati ya muda, ya kufungulia kesi tu, ambayo haichukui muda mrefu kama mirathi kamili. Iombeni hiyo mapema, mkiwa na cheti cha kifo, barua ya chifu na vitambulisho. Kwa upande wa Sura ya 32, miezi sita ikipita bila msimamizi kufungua kesi, wategemezi wenyewe wanaruhusiwa kuifungua. Lakini aliye na hati mkononi hasumbuliwi.

Karatasi nyingine ya lazima ni abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, pamoja na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo kilichopokea ripoti. Iangalieni kabla hamjatoka kituoni: namba ya gari iko sawa? Jina la dereva? Kampuni ya bima na namba ya hati yake? Herufi moja ikikosewa, miaka miwili baadaye mtaambiwa gari hilo halikuwapo. Pateni pia rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inayoonyesha gari limeandikishwa kwa jina la nani, kwa sababu anayeshtakiwa si dereva peke yake. Mwenye gari anawajibika kwa uzembe wa dereva wake, na dereva mara nyingi hana kitu.

Watu huchanganya kesi hii na ile ya trafiki. Dereva akishtakiwa kwa kusababisha kifo, mshtaki ni Serikali, na faini akitozwa inaingia Serikalini. Familia haipati hata senti. Hata hivyo msiipuuze kesi hiyo, hudhurieni. Akipatikana na hatia na muda wa rufani ukaisha, hukumu hiyo ni ushahidi usiopingika katika kesi yenu ya fidia. Na akiachiliwa msikate tamaa. Kesi ya jinai hutaka ushahidi usioacha shaka, ya fidia huangalia tu ni upande gani unaoaminika zaidi. Mahakama yaweza pia kusema marehemu alichangia kosa, labda alivuka barabara vibaya, ikapunguza asilimia fulani. Kupunguziwa si kushindwa.

Mlipaji hasa ni kampuni ya bima. Kila gari barabarani linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, na sheria inaibana kampuni kulipa hukumu hadi shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Kinachozidi hapo ni cha mwenye gari. Kampuni lazima ipewe notisi kabla ya kesi au mara tu inapofunguliwa, la sivyo itakataa kulipa na sheria itakuwa upande wake. Na hapa kuna kidonda cha nchi yetu: kampuni za bima zilizokuwa zikitoa bima kwa matatu zimeanguka moja baada ya nyingine. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na nyingine zikafuata. Kila mara wajane walikuwa wameshika hukumu mkononi na hakuna wa kuilipa. Mdhibiti wa bima anayeiruhusu kampuni iendelee kuuza stika huku akijua haiwezi kulipa, anaziibia familia hizo mara ya pili.

Kama kifo kilitokea kazini, njia ni nyingine. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inawapa wategemezi malipo ya mishahara ya miezi 96, na madai hayo yanaanzia kwa mkurugenzi wa usalama kazini, si mahakamani. Mahakama ya Juu iliithibitisha njia hiyo mwezi Desemba 2019. Kule hamhitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Inatosha kwamba kifo kilitokana na kazi.

Neno langu la mwisho ni juu ya mawakili, na nalisema bila woga. Wapo mawakili waadilifu waliowasomesha mayatima wa nchi hii kwa kazi zao. Wapo pia mabroka wanaozurura hospitalini na mocharini wakikusanya sahihi za wafiwa, na wapo mawakili wanaopokea fidia kutoka kwa bima na kumwambia mjane kesi bado. Mchague wakili wenu nyinyi wenyewe, asiwachague yeye. Hakikisheni ana cheti cha mwaka huu. Mkataba wa kwamba wakili atalipwa sehemu ya fidia endapo tu mtashinda hauruhusiwi na sheria ya Kenya, kwa hiyo anayetaka nusu ya fidia amekosea tangu mwanzo. Ombeni nakala ya kila kitu, na mwulizeni namba ya kesi, kwa sababu kwa namba hiyo mnaweza kwenda masjala ya mahakama wenyewe na kuangalia hukumu imetoka au la. Akiwadhulumu, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kulalamika huko hakuhitaji wakili mwingine. Msio na uwezo, Kituo cha Sheria kinatoa msaada, Nairobi na Mombasa pia, na ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016.

Msikilizaji, kama mliondokewa na mtu barabarani mwaka jana au mwaka juzi na hamjafanya lolote, toa cheti cha kifo usome tarehe. Hesabu miaka mitatu kutoka hapo. Kama gari lilikuwa la Serikali, hesabu miezi 12. Halafu wiki hii hii nenda kituoni ukachukue abstrakti. Na yule mgeni mwenye bahasha akifika kwenu, mpokeeni, mpeni chai, pokeeni rambirambi zake kwa shukrani. Karatasi yake mwambieni arudi nayo kwa tajiri wake bila sahihi.